Kifusi Kinabeba Barabara, Kikichambuliwa

Dar es Salaam kifusi kina soko. Anayebomoa anatafuta pa kukipeleka, mwenye kiwanja cha bondeni anatafuta pa kukipata, na katikati yao yuko dereva wa tipa ambaye siku nyingine analipwa na pande zote mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba sisi hatujui kutumia tena mabaki ya majengo, mwulize anaishi mji gani. Tunayatumia kila siku. Tunajazia viwanja, tunazibia mashimo, tunatengenezea njia ili gari la harusi au la msiba lifike mlangoni.

Swali langu katika makala haya ni jingine. Kwa nini kifusi ambacho Uholanzi na Japani kinalazwa chini ya lami na kubeba malori miaka nenda miaka rudi, kwetu kikimwagwa barabarani mwezi wa pili, mwezi wa tano ni tope lenye misumari? Nasoma uhandisi wa ujenzi, na swali hili nimeulizwa hosteli, nimeulizwa nyumbani, hata kwenye bajaji nimeulizwa. Jibu fupi ni kwamba wenzetu wanakichambua kifusi kabla hakijachanganyika, na wanakipa bei tofauti kikiwa safi. Jibu refu ndilo hili.

Ngozi na mifupa

Ukiitazama barabara ya lami unaona ngozi tu. Lami kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie na kuwapa matairi uso laini. Mzigo wenyewe unabebwa na matabaka ya chini: kwanza msingi, chini yake msingi wa pili, kisha udongo ulioboreshwa, halafu ardhi ya asili. Wahandisi hukadiria barabara kwa ekseli ya kawaida ya kilonyutoni 80, yaani kama tani 8 hivi. Uzito huo unagusa barabara kupitia matairi, eneo dogo kabisa. Kazi ya matabaka ni kuutawanya kadiri unavyoshuka, ili ukifika kwenye udongo uwe mwepesi wa kuvumilika. Ni kama kata anayoweka mama kichwani kabla ya kutwika ndoo. Ndoo haipungui uzito, ila kichwa hakiumii.

Tabaka ili litawanye mzigo lazima mawe yake yashikane. Chukua debe ulijaze maharage. Limejaa, lakini kati ya maharage kuna nafasi. Mimina mchele, utikise, nao unaingia. Ongeza unga, nao unapata pa kukaa. Tabaka zuri la barabara limejengwa hivyo: kokoto kubwa, za kati, ndogo, mchanga na vumbi kidogo, kila ukubwa ukiziba mwanya wa ule uliotangulia. Kisha linamwagiwa maji ya kipimo na kushindiliwa kwa rola, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kama sentimita 15 hadi 20 kila moja.

Sasa linganisha na kinachofanyika mtaani. Tipa linamwaga rundo, vijana wanasambaza kwa koleo na reki, na ushindiliaji unaachiwa magari yanayopita. Ndani kuna pande la zege kubwa kuliko mto wa kulalia, pembeni yake udongo mfinyanzi. Pande la zege linakaa kama jiwe la kujikwaa, mfinyanzi unasubiri mvua. Masika ikianza, maji yanapita kwenye mianya, yanabeba vumbi, na pande linabaki limening'inia. Hapo ndipo shimo linapozaliwa.

Ndani ya tipa kuna nini

Hebu tukifungue kifusi chenyewe. Nyumba ya kawaida ya mjini ikibomolewa inatoa vitu vya aina nne au tano, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni zege: sakafu, nguzo, linta, slabu. Hiki ndicho dhahabu ya kifusi. Zege likisagwa linatoa kokoto zenye pembe kali, na pembe ndizo zinazofanya mawe yashikane. Lina siri nyingine nzuri pia. Ndani yake hubaki saruji ambayo haikupata kukutana na maji siku ya kumwagwa. Likisagwa, saruji hiyo inafunuliwa. Likimwagiwa maji na kushindiliwa, inaganda kidogokidogo. Ndiyo maana tabaka la zege lililosagwa linaweza kuwa gumu zaidi baada ya miezi kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza.

Cha pili ni tofali za saruji na plasta. Hapa ukweli usemwe. Tofali zetu nyingi za mtaani zimefyatuliwa na mchanga mwingi na saruji ya kuonjea. Ukilidondosha tofali la namna hiyo linapasuka, na ukilisaga unapata mchanga zaidi ya kokoto. Bado lina kazi, lakini halifanani na zege na lisiuzwe kwa jina la zege.

Cha tatu ni tofali za kuchoma na vigae. Vinavunjika vizuri, ila vinanyonya maji na vingine vinaoza vikilowa muda mrefu. Vinafaa vikiwa vichache ndani ya mchanganyiko.

Cha nne ni chuma, mbao, mabati, plastiki, nyaya na nguo. Mbao ikifukiwa inaoza na kuacha shimo. Plastiki inateleza. Chuma kinatoboa tairi.

Cha tano ni vile vya hatari. Dari la jipsamu ni mojawapo. Jipsamu ina salfeti, na salfeti ikikutana na saruji na maji inaunda fuwele zinazovimba. Tabaka linainuka kama andazi na lami inapasuka, ukitafuta kosa juu hulioni kwa sababu limefukiwa chini. Kibaya zaidi ni asbesto, ambayo ilitumika sana kwenye mapaa ya majengo ya zamani, shule na ofisi zikiwemo. Bati la asbesto likiwa zima juu ya paa halina madhara makubwa. Likivunjwa, na zaidi likisagwa, nyuzi zake zisizoonekana kwa macho zinaingia mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Asbesto ikishapita kwenye mashine pamoja na kifusi, hakuna binadamu wa kuitoa tena. Rundo zima linakuwa sumu, na mtoto anayecheza juu yake hajui.

Umeona mtego ulipo? Vitu hivi vyote, nyumba ikiwa bado imesimama, vimepangwa kila kimoja mahali pake. Paa liko juu, dari chini yake, nondo ndani ya zege, sakafu chini. Kijiko kinapokuja na kuiangusha nyumba mara moja, ndani ya nusu saa kimechanganya kile ambacho watu watatu wangekitenganisha kwa siku chache. Kuchambua kabla ya kuangusha ni kazi ya mikono. Kuchambua baada ya kuangusha ni kazi ya mashine, na mashine zenyewe haziokoi kila kitu.

Kutoka rundo hadi tabaka

Tuseme kifusi kimechambuliwa, tumebaki na zege na tofali. Safari iliyobaki ina hatua nne.

Kwanza kinasagwa. Krasha inakivunja hadi vipande visivyozidi sentimita 4 hivi, na sumaku inanasa vipande vya nondo vilivyosalia. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo maji yanyunyiziwe na wafanyakazi wavae barakoa za maana.

Pili kinachekechwa. Chekeche kubwa zinatenganisha ukubwa mbalimbali, kisha vinachanganywa upya kwa uwiano ule wa maharage, mchele na unga.

Tatu kinapimwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi husikia neno CBR na kudhani ni uchawi wa wahandisi. Kipimo hiki kilianzia California mwishoni mwa miaka ya 1920, na ni rahisi kukielewa. Unashindilia sampuli ndani ya chungu cha chuma, unailoweka siku 4, halafu unasukuma ndani yake nondo nene yenye kipenyo cha kama sentimita 5. Unaangalia inahitaji nguvu kiasi gani kuzama milimita 2.5. Kokoto nzuri ya mfano inahitaji kilonyutoni 13.2, hiyo ndiyo alama 100. Sampuli yako ikihitaji kama kilonyutoni 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi, umepata 45.

Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999, ule unaotusumbua darasani, unapanga changarawe kwa alama hizo: G80, G45, G25 na kadhalika. Namba kubwa zinakaa juu karibu na lami, ndogo zinakaa chini. Ninachokipenda kwenye kipimo hiki ni kwamba hakina upendeleo. Nondo ile haiulizi kama jiwe limetoka mlimani Lugoba au kwenye sakafu ya sebule ya mtu. Inauliza tu: unabeba au hubebi?

Na kama hakibebi? Sisi wanachuo tunajua tofauti ya kudisko na kupata sapu. Kifusi cha tofali dhaifu kikipata alama ndogo hakijadisko. Kinapewa sapu: kinachanganywa na saruji au chokaa kidogo, asilimia chache tu za uzito wake, kinasubiri siku zake, kinapimwa tena. Mwongozo huohuo una madaraja ya matabaka yaliyoimarishwa kwa saruji. Kinachodisko moja kwa moja ni kifusi chenye udongo mfinyanzi mwingi, jipsamu au asbesto. Hicho hakuna sapu inayokiokoa.

Nne kinalazwa na kushindiliwa, na hapa kuna jambo la kuzingatia. Kokoto ya granaiti inanyonya maji kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1 au 2 ya uzito wake. Kokoto ya zege lililosagwa bado imevaa saruji yake ya zamani yenye vitundu, nayo inaweza kunyonya asilimia 3 hadi 8. Fundi akiweka maji yaleyale aliyozoea, tabaka linabaki kavu, halishikani, na rola inazunguka bure. Maji yaongezwe, tena mapema, kokoto zinywe zishibe kwanza.

Kuna na sharti la mahali. Maji yanayochuja kupitia zege jipya lililosagwa yanatoka na ukali wa chokaa; pH yake mwanzoni inaweza kufika 11 au 12. Usilaze tabaka hilo kando ya kisima, wala karibu na kalavati la chuma lisilokingwa. Na mitaro ipitishe maji vizuri, kwa sababu chokaa ile ikikauka inaganda na kuziba vitundu vya kupitishia maji.

Waliotutangulia walifanyaje

Uholanzi ni nchi ya tambarare, imekaa juu ya mchanga na tope la mito. Milima ya kupasua kokoto ni ya kutafuta. Kwa hiyo walianza kuuona mji wenyewe kama machimbo. Katika miaka ya 1990 walipiga marufuku kutupa dampo mabaki ya ujenzi yanayoweza kutumika tena, na leo zaidi ya asilimia 90 yanarudi kazini, sehemu kubwa yakiwa mchanganyiko wa zege na tofali unaolazwa chini ya barabara. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2008, uliziwekea nchi wanachama lengo la asilimia 70 ifikapo 2020.

Japani ilitunga sheria yake mwaka 2000. Jengo lenye sakafu ya kuanzia mita za mraba 80 likibomolewa, mbomoaji analazimika kutenganisha zege, lami na mbao palepale kwenye saiti. Mita za mraba 80, jamani, si ghorofa. Ni nyumba ya vyumba vitatu ya mwalimu mstaafu. Zaidi ya asilimia 95 ya zege linalobomolewa huko linatumika tena, na kwa wingi ni kwenye misingi ya barabara.

Hata lami yenyewe inarudi. Barabara ikichakaa, mashine inaikwangua, na makombo yake, ambayo ni kokoto zikiwa bado zimepakwa lami, yanachanganywa kwenye lami mpya au yanalazwa kama tabaka la chini. Marekani lami kuukuu ni miongoni mwa vitu vinavyotumika tena kwa wingi kuliko vyote.

Na sisi je? Utafiti upo. Mwaka 2013 Mwita Sabai na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu kifusi cha Tanzania. Walichukua sampuli nane kutoka saiti za ujenzi na ubomoaji, wakazisaga, wakafyatua tofali za zege bila kuongeza kokoto wala mchanga wa asili. Waligundua kwamba kokoto hizo ni dhaifu kuliko za asili, na hata hivyo sehemu kubwa ya tofali zilifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba iliyokuwa ikitakiwa. Kama kifusi chetu kinaweza kuwa tofali la kubeba ukuta, kukaa chini ya barabara ya mtaa hakiwezi kukishinda.

Hesabu ya daftarini

Dar es Salaam inafanana na Uholanzi kwa jambo moja: nayo imekaa juu ya mchanga, mfinyanzi na mawe laini ya matumbawe. Kokoto ngumu nyingi zinatoka Lugoba na maeneo jirani, mkoani Pwani, zaidi ya kilomita 100. Nikapiga hesabu. Ni makadirio yangu tu, unaweza kuyarudia.

Barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 6 na tabaka la sentimita 15 inahitaji mita za ujazo 900 zilizoshindiliwa. Ukitoa mianya midogo inayobaki, kitu kigumu chenyewe ni kama mita za ujazo 700.

Nyumba moja ya vyumba vitatu: kuta zote zikinyooshwa ni mita 60, kimo mita 3, unene sentimita 15. Ni mita za ujazo 27. Toa milango na madirisha, zinabaki 22. Sakafu ya mita za mraba 80 yenye unene wa sentimita 10 inaongeza 8. Jumla 30. Tukipoteza karibu robo kwenye kuchambua na kusaga, nyumba 30 zinatupa hizo 700. Yaani nyumba 30 zilizobomolewa ni msingi wa pili wa kilomita moja ya barabara.

Tabaka hilohilo lingekuwa la kokoto za Lugoba, zikiwa bado hazijashindiliwa ni kama mita za ujazo 1,200, yaani tipa 120 za mita za ujazo 10. Kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 200 kila moja. Hizo ni zaidi ya kilomita 24,000 za tipa, dizeli na matairi, kwa ajili ya kilomita moja ya mtaa.

Halafu kumbuka mwaka 2017, bomoabomoa ya kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha, kupisha upanuzi. Kumbuka na nyumba zilizoondolewa Jangwani na sehemu nyingine za bonde la Msimbazi miaka hii ya karibuni. Sisemi kwamba barabara inafuta machozi ya aliyebomolewa. Nyumba ya mtu ni jasho lake, na suala la fidia lina makala yake. Ninachosema ni kwamba jasho hilo lisiishie kutupwa mtoni, likaziba maji na kuleta mafuriko kwa jirani wa chini.

Pale panapokwama

Watu husema tatizo ni krasha, hatuna mashine. Mashine ni gharama, kweli, lakini angalia kwa makini nyumba inapobomolewa hapa mjini. Kabla vumbi halijatulia, mabati yameshaondoka. Mbao zimeondoka. Milango, madirisha, nyaya, vyote vimeondoka. Vijana wa vyuma chakavu wanagonga zege kwa nyundo siku nzima, juani, ili kutoa nondo. Sasa nani anasema hatujui kuchambua? Tunachambua kwa ufundi mkubwa kila kitu chenye bei yake. Nondo ina bei kwa kilo. Bati lina bei. Zege safi halina bei yake peke yake. Tipa la zege tupu na tipa la zege lililochanganyika na mfinyanzi, jipsamu na matambara yanauzwa kwa jina moja, kifusi, na kwa fedha ileile. Nani atahangaika kutenganisha?

Gharama ya kutochambua haikosi mlipaji. Mtaani kwetu kila kaya ilichangishwa shilingi 10,000 za kununulia kifusi kabla ya masika. Bibi mmoja jirani alitoa hela ya mauzo ya vitumbua. Kilichokuja kilikuwa udongo mwekundu wenye vipande vya masinki na vioo. Mvua ilipokwisha, barabara ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na mwaka uliofuata tukachangishwa tena. Hiyo ndiyo kodi ya kifusi kichafu. Inalipwa na wasio na gari.

Kwa hiyo dawa inaanzia kwenye mkataba wa kubomoa. Wakala wa serikali, kampuni au chuo kinapotangaza kazi ya kubomoa, mkataba uandike: paa na dari vishushwe kwanza kwa mkono, asbesto iondolewe nzima na wenye utaalamu, zege na tofali virundikwe mbali na udongo. Mkataba wa barabara nao uandike: kifusi kilichosagwa kikifikia G45 au G25, kikubaliwe mahali pa changarawe ya daraja hilo. Yakiwepo maandishi hayo mawili, bei ya zege safi itajitokeza yenyewe, na wale vijana wa nyundo wataongeza bidhaa ya pili kwenye biashara yao. Krasha atainunua mtu atakayeona faida.

Na tuanzie chini. Uharibifu wa barabara hupanda kwa kasi ya ajabu kadiri ekseli inavyozidi uzito. Kanuni ya kukadiria ni kuzidisha uwiano wa uzito kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 2 inaharibu kama sehemu moja tu kati ya 256 ya ekseli ya tani 8. Njia inayopitwa na bajaji, bodaboda na gari dogo haihitaji kokoto za barabara kuu. Njia za mitaa, za waenda kwa miguu, maegesho, viwanja vya pevingi: hapo ndipo kifusi kijifunzie kazi. Chuo chochote kinachokarabati majengo yake kina kifusi, kina maabara na kina njia za ndani zenye mashimo. Vitatu hivyo vikikutana ni utafiti wa mwaka wa nne wa watu kumi.

Wenzangu wa uhandisi, tukichagua mada za utafiti tusikimbilie majina makubwa. Sampuli ziko nyuma ya hosteli. Wa sheria, someni mikataba ya ubomoaji muone ina ukimya gani. Wa uchumi, tafuteni bei ya tipa la zege safi ingepaswa kuwa ngapi ili mchambuaji apate riziki. Na sisi sote tunaorudi mitaani likizo, tuna kazi ndogo isiyohitaji digrii. Tipa la kifusi likija, kabla mchango haujakabidhiwa kwa dereva, mtu apande juu aangalie. Ukiona zege na tofali, mwambie amwage. Ukiona mfinyanzi, jipsamu au vipande vya bati la asbesto, mwambie ageuze gari.